Saizi ya tairi inavyoamua hatima ya gari la mbio la wanafunzi wa New Zealand

Karibu kila mwaka wanafunzi wa uhandisi kutoka Auckland na Christchurch huvuka Bahari ya Tasman wakiwa na gari la mbio walilolisanifu na kulijenga kwa mikono yao, wakaja Australia kushindana na vyuo vikuu vya huku. Uamuzi mzito kuliko yote huwa umefanywa miezi mingi kabla ya safari hiyo, wakati gari lenyewe lingali mistari kwenye kioo cha kompyuta: litavaa tairi la saizi gani?

Kwa watu wengi, tairi ni kitu kinachonunuliwa baada ya gari kuwapo. Fundi huinama, husoma namba zilizo ubavuni, kisha huleta jingine linalofanana na lile lililochakaa. Kwa wanafunzi hawa mambo ni kinyume. Tairi huja kwanza, na gari hujengwa kulizunguka. Timu itakayokosea hapo italibeba kosa lake katika breki, katika gia, katika mikono inayoshikilia magurudumu, na haitaweza kulifuta kwa kununua tairi la saizi nyingine, kwa kuwa vyuma vyote vitakuwa vimekwisha kukatwa na kuchomelewa kwa kipimo cha lile la kwanza.

Mashindano hayo huitwa Formula SAE. Yalianzia Texas, Marekani, mwaka 1981, yakafika Uingereza mwaka 1998 kwa jina la Formula Student, na Ujerumani, katika uwanja wa Hockenheim, mwaka 2006. Kwa upande huu wa dunia husimamiwa na chama cha wahandisi wa magari cha Australasia, SAE-A, na kwa desturi hufanyika mwezi wa Desemba katika jimbo la Victoria. Werribee, Calder Park na Winton zote zimewahi kuwa wenyeji. Kutoka New Zealand huja hasa Chuo Kikuu cha Auckland na Chuo Kikuu cha Canterbury kilichoko Christchurch, ambacho kimejijengea jina kwa magari yanayoendeshwa kwa umeme.

Gari ni la kiti kimoja, na magurudumu yake yako wazi bila kufunikwa na bodi. Anayetumia petroli haruhusiwi injini inayozidi sentimita za ujazo 710, na hewa yote ya injini hiyo lazima ipite katika tundu moja lenye kipenyo cha milimita 20, upana usiozidi ule wa kidole gumba. Anayetumia umeme amewekewa kikomo cha kilowati 80. Kwa maneno mengine, kanuni zimeibana nguvu ya injini, zikamwachia mwanafunzi atafute kasi mahali pengine. Mahali penyewe ni chini, pale mpira unapogusana na lami.

Njia ya mashindano nayo inasukuma upande huohuo. Kanuni za kimataifa zinataka sehemu iliyonyooka isizidi mita 77, kona kali huweza kuwa na kipenyo cha nje cha mita 9 tu, na koni za kupinda huku na huku hupangwa kila baada ya mita 9 hadi 15. Wastani wa mwendo unaokusudiwa ni kati ya kilomita 48 na 57 kwa saa, mwendo wa kawaida wa gari la mizigo mjini. Kinachotisha si kasi. Gari haliachi kupinda, kufunga breki na kuchomoka tena, na kila tendo kati ya hayo hufanywa na vipande vinne vya mpira ambavyo kila kimoja hakizidi sana kiganja cha mkono.

Alama kamili ni 1,000. Kati ya hizo, 325 hutolewa gari likiwa limesimama, pale majaji wanapowahoji wanafunzi kuhusu usanifu, gharama na mpango wa biashara. Zilizobaki 675 huamuliwa barabarani: mita 75 za kuchomoka kutoka kusimama, miduara miwili yenye umbo la namba 8, mzunguko wa kasi katikati ya koni, kisha mbio ndefu ya takriban kilomita 22 ambayo peke yake ina alama 275, na hesabu ya nishati iliyotumika. Katika majaribio hayo yote hakuna hata moja ambalo tairi halina neno la kusema.

Kuzisoma namba za ubavuni

Anayetaka kuufuata ubishi wa wanafunzi hawa aanze na gari lililoegeshwa nje ya nyumba yake. Tuseme ubavuni pameandikwa 205/55 R16 91V. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili si milimita bali ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana ule, yaani karibu milimita 113. Herufi R inaeleza namna nyuzi za ndani zilivyolazwa, zikikata moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kumi na sita ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 91 ni alama ya mzigo, na katika jedwali la kimataifa maana yake ni kilo 615 kwa tairi moja. V ni kikomo cha mwendo, kilomita 240 kwa saa.

Kutokana na hayo mtu aweza kupata kipenyo kizima cha tairi bila kulipima. Rimu ya inchi 16 ni milimita 406. Akiongeza ubavu wa juu na wa chini, atapata takriban milimita 632. Hesabu hii ina faida hata kwa asiyejali mbio. Gari likivishwa matairi ambayo kipenyo chake kimezidi yale ya kiwandani kwa asilimia tano, mshale wa mwendo utaonyesha 100 wakati gari linakwenda 105, na kamera ya barabarani haitasikiliza maelezo. Ndiyo maana sheria za majimbo ya Australia huweka mipaka ya tofauti inayoruhusiwa.

Tairi la mbio huandikwa kwa desturi nyingine. Lile lililotumiwa na timu nyingi za wanafunzi kwa miaka mingi lina namba 20.5 x 7.0-13, na hapo hakuna asilimia. Namba ya kwanza ni kipenyo cha tairi zima kwa inchi, ya pili ni upana wa sehemu inayokanyaga, na ya tatu ni rimu. Mshindani wake mkubwa huandikwa 18.0 x 6.0-10. Lipo pia la 16.0 x 7.5-10, fupi na pana kama kigoda. Haya ni matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya magari mepesi kama haya, na kampuni ya Hoosier ya Indiana, Marekani, ndiyo ambayo jina lake huonekana mara nyingi kwenye magari ya wanafunzi. Hayana kashata hata kidogo. Fundi wa Mombasa au Bujumbura angeyaita vipara na kumshauri mwenye gari ayatupe. Lakini kwenye lami kavu kashata ni mpira uliopotea bure, kwa sababu kila mfereji ni mahali ambapo tairi haligusi ardhi. Mvua ikinyesha ndipo timu huvaa matairi yenye mifereji, ambayo kanuni zinataka iwe na kina cha angalau milimita 2.4.

Inchi 13 au inchi 10

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa 13, na sababu haikuwa ya kisayansi sana. Rimu za inchi 13 zilikuwa zimejaa katika madaraja madogo ya magari ya kiti kimoja, na hata magari ya Formula 1 yaliendelea kuzivaa hadi mwisho wa mwaka 2021 yalipohamia inchi 18. Timu changa iliweza kununua rimu iliyokwisha kutengenezwa, ikapata nafasi tele ndani yake kwa breki, beringi na viungo vya mikono ya gurudumu, na kugeukia matatizo mengine.

Hoja ya inchi 10 huanza na uzito. Rimu ndogo na tairi dogo ni vyepesi kuliko vikubwa, na uzito wa gurudumu ni ghali kuliko uzito mwingine wowote garini. Kilo moja iliyo chini ya kiti cha dereva inahitaji kusukumwa mbele tu. Kilo moja iliyo kwenye ukingo wa tairi inahitaji kusukumwa mbele na pia kuzungushwa, na hesabu ya fizikia inaonyesha kwamba wakati wa kuchomoka kilo hiyo hujihesabu kana kwamba ni mbili. Tena gurudumu halibebwi na springi. Likiwa zito huruka juu ya kila kifuto cha lami na kuchelewa kurudi chini, na tairi lililo hewani halina mshiko wowote.

Hoja ya pili ni kimo. Kati ya tairi la inchi 20.5 na lile la inchi 18 kuna tofauti ya milimita 63.5 kwa kipenyo, hivyo kitovu cha gurudumu hushuka kwa karibu milimita 32. Injini na difrenshali huweza kushushwa pamoja nacho, na uzito wa gari zima ukakaa karibu zaidi na ardhi. Kabla ya kuruhusiwa kukimbia, gari hulazwa kwenye meza inayoinama hadi nyuzi 60 dereva akiwa ndani, nalo halipaswi kupinduka. Gari lenye uzito wa chini hulala pale kwa utulivu, na utulivu huohuo hulisaidia kwenye kona.

Halafu kuna gia. Tairi dogo ni kama gia nzito iliyoongezwa bila kununuliwa: kwa msokoto uleule wa ekseli, tairi la inchi 18 huisukuma lami kwa nguvu iliyozidi ile ya inchi 20.5 kwa takriban asilimia 14. Lakini kwa mizunguko ileile ya injini gari litakwenda polepole zaidi kwa asilimia 12. Timu isiyotaka kuchosha injini italazimika kubadili sproketi ya nyuma. Iliyokuwa na meno 42 mbele ya ile ya meno 12 itahitaji karibu meno 37 ili kurudi pale ilipokuwa. Sproketi ya meno 37 ni ndogo, ni nyepesi, na huacha nafasi zaidi chini ya cheni, jambo ambalo wanafunzi hulipokea kwa furaha.

Mpaka hapo inchi 10 inaonekana kushinda kila kitu, na kwa kweli timu nyingi zimehamia huko. Bei yake hulipwa ndani ya rimu. Sahani ya breki, kalipa inayoibana, habu, beringi na viungo viwili vinavyoshika mikono ya juu na ya chini, vyote vinapaswa kuingia katika bakuli ambalo ukingo wake una kipenyo cha milimita 254, badala ya milimita 330 za rimu ya inchi 13. Sahani ikipungua, chuma kinachomeza joto la breki kinapungua pia. Viungo viwili vikisogeleana, nguvu zilezile za kona huingia kwenye mikono kwa ukali zaidi, kama vile mtu anayejaribu kuzuia mlango kwa kuusukuma karibu na bawaba badala ya mwishoni. Kipande kinachounganisha vitu hivyo vyote huchongwa kwa alumini kwenye mashine ya karakana ya chuo, na mara nyingi ndicho humaliza usingizi wa kikundi kizima mwezi wa Juni.

Kuna jambo jingine ambalo timu changa hulisahau. Kalipa ya kuingia kwenye rimu ya inchi 10 haipatikani kwenye duka la vipuri la karibu. Huagizwa, mara nyingi kutoka Marekani au Ulaya, na kwa mtu wa Christchurch kuagiza maana yake ni wiki za kusubiri na ushuru wa kulipa. Saizi ya tairi basi si swali la fizikia peke yake. Ni swali la nani anauza nini, na kitafika lini. Timu iliyo na mashine nzuri za kuchonga na wazee wa kuwaelekeza vijana ina haki ya kuchagua inchi 10. Timu inayojenga gari lake la kwanza ingefanya busara kutazama rimu za inchi 13 bila kuona haya, kwa kuwa gari zito kidogo linalomaliza kilomita 22 hupata alama nyingi kuliko jepesi lililokatika mkono kwenye mzunguko wa tatu. Kila mwaka yapo magari mengi yasiyofika mwisho wa mbio hiyo ndefu.

New Zealand ina desturi ya zamani ya kutoona aibu kutengeneza kisichouzwa. John Britten, mtu wa Christchurch aliyefariki mwaka 1995, aliunda pikipiki ya mbio ya V1000 katika karakana yake pamoja na marafiki wachache, ikiwa ni pamoja na magurudumu ya nyuzi za kaboni, wakati makampuni makubwa yalikuwa bado yanatumia ya chuma chepesi. Bruce McLaren, aliyezaliwa Auckland mwaka 1937, alianzia mbio kwenye Austin 7 ndogo kabla ya kuanzisha timu inayobeba jina lake hadi leo. Majina hayo hutajwa mara kwa mara katika karakana za vyuo hivyo viwili, pengine mara nyingi kupita kiasi.

Mpira haupendi kulemewa

Mtu mwenye akili timamu angeuliza: kwa nini wasivae tu tairi pana kuliko yote? Jibu liko katika tabia moja ya mpira ambayo huwashangaza wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Darasani walifundishwa kwamba msuguano huongezeka sawasawa na mzigo. Mzigo ukizidi mara mbili, mshiko nao huzidi mara mbili. Tairi halifuati kanuni hiyo. Likiongezewa mzigo, mshiko wake huongezeka, lakini kwa kiwango kinachozidi kupungua.

Mfano wa ubaoni unasaidia. Tuseme tairi lililobeba kilo 60 lina mshiko wa mara 1.6 ya mzigo wake. Likibebeshwa 100 linashuka hadi 1.47, na likibaki na 20 linapanda hadi 1.73. Gari likienda moja kwa moja, matairi mawili ya mbele yenye kilo 60 kila moja yanaweza kushika kwa jumla ya 192. Likiingia kwenye kona, uzito huhamia upande wa nje: tairi moja linabeba 100 na jingine 20. Jumla ya mzigo haijabadilika, bado ni 120, lakini mshiko sasa ni 147 na 35, yaani 182. Asilimia tano hivi zimetoweka bila mtu yeyote kugusa usukani vibaya. Hapo ndipo kimo cha gari kinaporudi kwenye hesabu, kwa kuwa gari refu huhamisha uzito mwingi zaidi kuliko fupi.

Upana nao una kikomo chake. Gari la wanafunzi huwa na uzito wa takriban kilo 200 bila dereva, na mengine ni mepesi zaidi ya hapo. Tairi pana sana chini ya gari jepesi halipati kazi ya kutosha, na tairi lisilofanya kazi halipati joto. Mpira wa mbio ukiwa baridi hushika kama plastiki. Kanuni haziruhusu blanketi za umeme za kuyapasha matairi wala dawa ya kuyapaka ili yanate, kwa hiyo joto lote lazima litoke kwenye kona zenyewe. Ndiyo sababu watengenezaji huandaa mchanganyiko laini wa mpira kwa ajili ya magari haya, na ndiyo sababu upepo unaojazwa ni mdogo: timu nyingi hufanya kazi kati ya 8 na 14 PSI, wakati gari la familia hujazwa zaidi ya 30. Dereva wa teksi akiona tairi lina 10 angeita fundi.

Wapo walioongeza mzigo bila kuongeza uzito. Mabawa ya mbele na ya nyuma hulikandamiza gari chini kwa nguvu ya upepo, na Chuo Kikuu cha Monash cha Melbourne kilikuwa miongoni mwa waliotangulia kuyavalisha magari ya wanafunzi mabawa makubwa mapema katika miaka ya 2000. Waliofika mbali kuliko wote ni wanafunzi wa Zurich, Uswisi. Mwezi wa Septemba 2023 gari lao la umeme lenye uzito wa kilo 140 hivi lilitoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 0.956, katika umbali wa mita 12.3. Lilikuwa na feni zinazofyonza hewa chini yake kama mashine ya kufagilia zulia, hivyo matairi yalikandamizwa kwenye lami hata kabla gari halijasogea. Hesabu inaonyesha kwamba kwa wastani dereva alisukumwa kitini kwa nguvu iliyokaribia mara tatu ya uzito wake.

Takwimu kutoka Buffalo

Zamani timu zilichagua tairi kwa kuuliza majirani. Tangu mwaka 2005 upo ushirika ambao vyuo huulipia ada na kupewa vipimo vya kweli vya matairi ya Formula SAE. Vipimo hufanyika katika maabara ya Calspan huko Buffalo, jimbo la New York, ambapo tairi hukandamizwa juu ya mkanda mpana unaokimbia, likapindwa, likainamishwa na kubadilishiwa mzigo na upepo huku mashine ikiandika kila nguvu inayotokea.

Mwanafunzi wa Auckland hupokea mafaili yenye namba nyingi mno kuzisoma kwa macho. Kazi yake ni kuzigeuza ziwe mkunjo mmoja unaoeleza: kwa mzigo huu na pembe hii, tairi litashika kiasi gani? Njia inayotumika zaidi ni ile iliyoasisiwa na Mholanzi Hans Pacejka wa Delft, ambayo wahandisi wenyewe waliipa jina la fomula ya kimiujiza, kwa kuwa inafuata umbo la vipimo vizuri sana ingawa haielezi kwa nini mpira unafanya hivyo.

Mtego umo katika mkanda. Uso wake ni mkavu na unakwaruza kama msasa, hivyo tairi hushika pale kuliko litakavyoshika kwenye lami yenye vumbi ya Victoria. Timu zenye uzoefu huipunguza namba ya maabara hadi karibu theluthi mbili. Timu isiyojua hilo hujenga kompyutani gari linaloshinda dunia nzima, kisha hulipeleka uwanjani na kulikuta halipindi. Takwimu hizo ni za kuaminika zinapolinganisha tairi na tairi: kama la inchi 10 limelishinda la inchi 13 kwenye mkanda kwa mzigo uleule, kuna sababu nzuri ya kutarajia kwamba mpangilio huo utabaki barabarani.

Kazi hii haidai mtu awe dereva, wala haidai awe mwanafunzi wa magari. Timu huhitaji wa hesabu, wa kompyuta, wa umeme, wa kuandika maombi kwa wafadhili na wa kutunza fedha, na aghalabu hupokea wanafunzi tangu mwaka wa kwanza. Kwa vijana wa jamii zetu wanaosoma uhandisi, wa Melbourne au Perth kama wa Auckland, karakana hiyo mara nyingi ndiyo mahali pa kwanza wanapopata kazi ya kumwonyesha mwajiri, kitu ambacho vyeti peke yake haviwapi.

Julai ya Christchurch, Desemba ya Victoria

Timu za New Zealand zina tatizo ambalo hesabu haiwezi kulimaliza. Gari hujaribiwa katika majira ya baridi na ya machipuo, kwenye viwanja vya kuegeshea magari, na asubuhi ya Christchurch mwezi wa Julai huweza kuwa na barafu juu ya nyasi. Mashindano huja Desemba, katika Victoria ambako siku ya kiangazi huweza kuvuka nyuzi 35 za Selsiasi na lami ikawa moto kupita hewa. Tairi lililokataa kupata joto nyumbani sasa linapata la kupindukia. Upepo uliojazwa asubuhi hupanda kadiri jua linavyopanda, kitovu cha mgusano hufura, kingo huacha kugusa, na mshiko hupungua. Mwenye kipimo cha upepo mkononi huwa na kazi kubwa kuliko mwenye spana.

Matairi ya mashindano nayo lazima yawe yale ambayo gari liliyavaa lilipokaguliwa. Hakuna kubadili mawazo kati ya jaribio moja na jingine, ila mvua ikinyesha. Mpira huzeeka pia ukiwa umekaa. Kila unapopashwa joto na kupoa hukakamaa kidogo, kwa hiyo seti iliyotumika kwa majaribio ya miezi mitatu si seti ya kushindania, na timu yenye fedha chache hulazimika kuamua mapema ni mazoezi mangapi iko tayari kuyatoa kafara ili ibaki na matairi mabichi ya Desemba. Wengi huamua vibaya kwa upande wa kutofanya mazoezi, nao huonekana: dereva wao hukutana na tairi jipya kwa mara ya kwanza siku ya mbio, na koni huanguka.

Kabla ya hayo yote kuna forodha. Australia hukagua vikali udongo, mbegu na wadudu wanaoweza kuingia na mizigo, na matairi yaliyokwisha kutumika ni miongoni mwa vitu vinavyotazamwa kwa makini. Mpira laini wa mbio hunata. Hukusanya mchanga, majani na vijiti kutoka kila uwanja ulikopita. Basi usiku wa mwisho kabla ya kufunga kreti, pale karakana inapokuwa imenyamaza na gari limefungwa mikanda, wanafunzi wawili watatu huketi sakafuni na brashi na ndoo, wakisugua matairi moja baada ya jingine na kuchokoa vijiwe kwa bisibisi. Mbio zikiisha, kazi hiyohiyo hurudiwa upande wa Victoria, kwa kuwa New Zealand nayo hukagua vilevile.